Marudio ya Saa Tatu Asubuhi

Kaka Asukulu,

Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani, nimekaa kwenye kiti chako kile cha mguu mfupi, na sijawasha televisheni. Saa hii ndiyo ya yule mpishi anayepanda treni na sufuria zake kwenda kupikia watu asiowajua, kipindi pekee tulichokuwa tunakitazama pamoja kwa sababu Jumapili hukuwa na zamu. Apike tu. Mimi nina jambo la kukuambia, na ungekuwapo ungeshanikatiza mara tatu. Hunikatizi. Hapo ndipo ninapoona kweli umekufa.

Ni miezi mitano sasa. Ngoja nianze na habari ndogondogo, maana wewe ulipenda habari za mtaa kumshinda mke wa mchungaji. Kitanda chako bado kimetandikwa. Mama Thandeka anataka kuniletea mpangaji wa kulala humo, nami namwambia asubiri mwezi huu uishe, halafu ukiisha namwambia tena. Juzi alisimama mlangoni mikono kiunoni akasema, eish, Bahati, hicho kitanda si kaburi. Mwenye nyumba hajibiwi.

Wiki iliyopita nilipeleka suruali ya mteja mtaa wa Kensington, hapa Joburg, nikapita kwenye geti ulilokuwa ukilinda. Amekaa Mrundi mmoja, mpole, sweta ya kazi inampwaya. Akanipa daftari la wageni niandike jina langu na saa niliyoingia. Mimi, niliyekuwa nikija pale kila uliposahau chakula chako! Nikaandika. Nilitaka kumwambia kwamba yule aliyekuwa hapo kabla yake ni mtu wangu, lakini roboti, zile taa za magari pale kona, ikageuka kijani, magari yakaanza kupiga honi, basi nikaenda zangu.

Kinachonisumbua zaidi ni humu ndani, asubuhi. Wewe ulikuwa unafika saa moja, viatu mkononi, mimi nikitoka saa moja na nusu kwenda Doornfontein kwenye cherehani yangu. Nusu saa tu, chai na mkate, siku sita za wiki. Nikihesabu miaka tuliyopanga chumba kimoja hapa Bertrams, sijui kama tulionana kwa saa nyingi. Lakini nilijua kuna mtu ananifuata nyuma. Kikombe nilichokiacha kichafu ningekikuta kisafi. Sasa nakikuta pale pale nilipokiweka.

Unakumbuka tulivyoanza na Wakorea? Mpira uliondolewa kwenye kifurushi chetu, ukapelekwa kwenye kile cha matajiri. Tukabakiwa na wahubiri, habari, na ile chaneli ya tamthilia za Kikorea. Ulisema wewe, mtoto wa mji wa Baraka, Kongo, hutakaa kutazama watu wanaolia huku wanakula tambi. Siku ya nne nilirudi nikakuta umechelewa kutoka kwenda kazini, umesimama na begi begani, unamtukana mama mkwe wa Kikorea kwa Kibembe. Tangu hapo ukawa wao na wao wako.

Majina yao yalitushinda, tukawapa ya kwetu. Na sheria uliweka wewe. Sehemu mpya ilikuwa saa moja jioni, wewe uko getini, mimi nyumbani. Marudio yalikuwa saa tatu asubuhi, mimi kazini, wewe nyumbani. Kwa hiyo kila asubuhi, katika ile nusu saa yetu, mimi najua na wewe hujui. "Usiniambie kitu!" Hata salamu hujatoa. "Bahati, usiniambie kitu, na usinionyeshe uso." Ulidai ukiangalia uso wangu unajua nani amekufa na nani ameolewa. Ikabidi niwe nakunywa chai nikiwa nimeelekea ukutani. Watu wazima wawili, mmoja amegeukia ukuta. Laiti mchungaji angetuona.

Halafu ile Jumapili waliyoonyesha historia ya chaneli yao wenyewe. Nadhani ile ndiyo siku niliyokuona na furaha kuliko zote hapa Joburg. Walianzia ghorofa moja juu ya mkahawa wa supu, hawana hata studio, wanaonyesha tamthilia kuukuu za vituo vingine, na katikati wanauza sufuria na mablanketi. Ukapiga paja: "Mitumba! Hawa walianza na mitumba!" Ukaniambia nitazame vizuri, maana ni mimi huyo: mshonaji aliyeanza kwa kupunguza suruali za wazungu waliokufa, kisha ndiyo akashona zake. Michezo yao ya kwanza ya kushindana waliirekodi kwenye ngazi za jengo, watu wanateleza na soksi. Tamthilia yao ya kwanza ilianguka, wakachekwa. Wakatengeneza nyingine. Mpaka leo chaneli yao iko huku kwetu na maandishi ya Kiingereza chini, ambayo wewe ulikuwa unayasoma kwa sauti kama unasoma Waraka kwa Warumi.

Na yule bibi wa ratiba! Mwembamba, miwani kwenye kamba, aliyekuwa anapanga vipindi vyote kwa kadi za karatasi ukutani. Wakamuuliza kwa nini aliweka marudio asubuhi wakati ule vituo vingine vilikuwa na wapishi na mazoezi ya viungo. Akasema kuna watu wanaorudi nyumbani wengine wakitoka, wauguzi, waoka mikate, walinzi, na wao pia wanataka kujua hadithi imefika wapi. Ulisimama, Kaka. Kwenye chumba hiki kisicho na nafasi ya kusimama, ulisimama. "Kumbe huyu mama ananijua!" Wiki nzima ulikuwa unamsalimu kwenye skrini kila saa tatu.

Basi nikuambie na hili, ingawa litakuudhi. Wamebadilisha. Saa tatu asubuhi hakuna marudio tena, wanauza sufuria. Nimejua kwa sababu kwa miezi mitatu nilikuwa naiacha televisheni imewashwa nikienda kazini. Usiniulize kwa nini. Mama Thandeka alilalamika umeme, siku moja nikarudi nimesahau mkasi, nikamkuta Mkorea anagonga sufuria na kijiko, anazungumza na kiti chako. Nikaizima.

Nimezunguka sana. Wewe ungekuwa umeshaniambia, "Bahati, ingia ndani, mbona unabisha hodi kutwa?" Ngoja niingie.

Tamthilia yetu ya mwisho ilikuwa ya Dada Pasi, yule mwenye duka la kufulia nguo, na yule mwanamume aliyeacha koti lake kwa dobi akaenda kufanya kazi melini, akasema atalifuata akirudi. Tulimwita Koti. Sehemu kumi na sita. Mpaka ya kumi na tatu ulikuwa na yakini kwamba atarudi. Uliapa kwamba Koti akirudi, na wewe Desemba unakwenda Baraka kumwona mama yako, maana miaka kumi na moja ni aibu. Nami nikakucheka kwamba unamwekea Mungu masharti kwa kutumia Wakorea.

Kikohozi ulikificha. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua, na kwako hakikuchelewa. Ijumaa ulianguka getini, wakakupeleka hospitali. Jumatatu wakaonyesha sehemu ya kumi na tano, Jumanne ya mwisho, na wewe uko na mpira puani. Jumatano alasiri nikaja saa ya kuona wagonjwa, na machungwa ambayo hukuweza kula. Ukanishika kiganja. Ukasema, "Bahati, niambie. Alirudi, ao hakurudi?"

Nikakuambia, "Sheria ni sheria, Kaka. Jumamosi wanarudia zote mfululizo. Utatazama mwenyewe."

Mimi si mtu mjinga. Naweza kukata suti bila karatasi. Lakini wewe uliyeweka sheria ndiye uliyekuwa unaomba ivunjwe, na mtu mwenye akili angeelewa kwa nini. Nilielewa. Ndiyo siri yangu hiyo, nimeibeba miezi mitano. Nilielewa kabisa, na nikaona kwamba nikikuambia, nimekubali kwamba Jumamosi hutaiona. Na kulikuwa na jambo jingine. Koti hakurudi. Ningekuambiaje vile, na wewe uko vile? Basi nikageuza uso nikaangalia ukuta wa hospitali, kama asubuhi zetu. Kisha ukasema, "Haya. Funga lile dirisha, baridi inaingia."

Nilifunga dirisha. Ijumaa asubuhi wakanipigia simu.

Jumamosi watu wa kanisa walijaa humu, wamama chini kwenye mikeka, wanaume kwenye korido na ngazi. Televisheni waliifunika kitenge, kama nyumbani. Wanaimba, na mimi, Mungu anisamehe, macho yangu kwenye saa ya ukutani. Najiambia sasa wako sehemu ya kwanza, anapokea lile koti. Sasa wako ya tano. Mchungaji alidhani naomba, akaniwekea mkono kichwani.

Tulikuzika hapa hapa, kaburi liko mteremkoni, upande unaopata jua la asubuhi. Kaka yako mkubwa alinipigia kutoka Kalemie. Akasema mama asiambiwe kwa simu. Hilo nalijua, kwetu mama haambiwi kifo cha mtoto wake kwenye simu, kana kwamba ni bei ya samaki. Aliyekuwepo ndiye anayekwenda, anabeba nguo na udongo kidogo wa kaburi, anafika kwake asubuhi, wazee wamekaa pembeni, na ni yeye anayefungua mdomo. Kaka yako akasema, "Wewe ulimzika, wewe utasema. Sisi tutakaa na wewe." Nikaitikia. Nikasema nipewe wiki tatu.

Mwanzo ilikuwa karatasi zangu za kusafiria. Kisha Januari ikaja na sare za shule, na fundi hawezi kuacha kazi Januari. Kisha karatasi zilikuwa tayari, sare zimekwisha, na mimi niko hapa hapa.

Maana mama anapiga simu, Kaka. Kila Jumapili baada ya ibada, kwa simu ya binti wa jirani, kama alivyokuwa anakupigia wewe. Simu yako ninayo mimi. Jumapili ya kwanza niliona jina "Mama" linawaka, nikaitika kabla sijafikiri. Akauliza, "Asukulu yuko wapi?" Nikasema, "Yuko kazini, Mama, wamembadilishia zamu." Akasema, "Akirudi mwambie anipigie." Halafu akauliza, na hili ni kosa lako kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unamsimulia kila wiki: "Na yule wa koti? Amesharudi?"

Ningesema nini? Nikasema, "Bado wanaonyesha."

Jumapili iliyofuata akauliza tena. Sasa nikawa na yote mawili mikononi, wewe na Koti, na nikaona kama nikimaliza moja, la pili nalo litamalizika. Nikaanza kutunga. Nikamwambia meli imeharibika bandarini. Wiki nyingine, Koti amelazwa nchi ya mbali ila anaendelea vizuri. Kisha mama mkwe akataka kununua duka la Dada Pasi akaliuze. Kisha nikaleta pacha. Ndiyo, cheka. Nilileta pacha wa Koti, na mama yako akasema yule hamwamini. Tamthilia ya sehemu kumi na sita, mimi nimeifikisha ya thelathini na kitu. Jumamosi nzima, nikiwa kwenye cherehani, nafikiria kesho nitasema nini. Wenzangu wanadhani nimepata mchumba.

Na niseme kweli yote: nilikuwa naipenda ile simu. Ndiyo sauti pekee katika wiki inayoniuliza kama nimekula. Nikikata, chumba kinakuwa kikubwa. Watu wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa inaendelea tu, na kila Jumapili naongeza kipande.

Mpaka leo. Leo nimemsimulia kwamba meli imetengenezwa na Koti amekata tiketi. Amenisikiliza mpaka mwisho, hajaguna hata mara moja, na yeye huguna. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema polepole, "Bahati, mwanangu. Hiyo hadithi imekuwa ndefu sana. Anayeitunga amechoka, namsikia. Mwambie aje aimalizie hapa kwangu. Mimi niko, siendi popote." Akaendelea, "Na wewe unakula?" Nikasema nakula. Akasema, "Haya," akamrudishia mtoto wa watu simu yake.

Hakuniambia nikuambie umpigie. Miezi mitano hakukosa kusema vile, na leo hakusema.

Anajua, Kaka. Sijui amejua lini. Labda tangu Jumapili ya kwanza, aliposikia mtu mwingine anaitika simu yako. Mimi nilidhani namlinda, kumbe ni yeye aliyekuwa akikaa kwenye mkeka wake kule Baraka, akinivumilia na mapacha wangu, akingoja niwe mwanamume. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Nimekutendea wewe kosa moja, kisha nikageuka nikamtendea mama yako kosa lile lile, mara ishirini.

Kwa hiyo sasa geuka unisikilize, wala sitaelekea ukutani.

Koti hakurudi. Katika sehemu ya mwisho ni majira ya baridi, theluji mpaka kwenye kizingiti. Anakuja mtu wa melini na begi dogo, ndani yake mna risiti ya dobi ya lile koti, imelowa imekauka. Dada Pasi hapigi kelele. Anaisoma namba kana kwamba haijui. Anaenda kwenye kamba, anashusha lile koti, analitandaza mezani. Lilikuwa limeshapigwa pasi, wewe unajua, alikuwa analipiga kila mwezi. Analipiga tena. Kola, mikono, mgongo. Hawakuweka muziki. Nikiwa fundi niseme alikosea, sufu huwekewa kitambaa chenye maji juu, lingeungua lile. Lakini nililia, na nilikuwa peke yangu, na saa mbili usiku haijafika. Kisha mlango unagongwa, kuna mwanamke nje na shuka zake mkononi, anatetemeka kwa baridi. Dada Pasi anafuta uso kwa kiwiko, anafungua. "Karibu," anasema. Ndiyo mwisho. Najua ungesema ni mwisho wa kipuuzi, ungewatukana wiki nzima, na kila asubuhi ningegeuka nikubishie kwamba ni mzuri.

Ningependa hiyo wiki kuliko kitu chochote nilicho nacho. Nilikunyima kwa woga. Nisamehe, Kaka.

Sasa nakuaga, na nakuahidi. Alhamisi napanda basi la Lubumbashi. Kutoka pale nitakwenda Kalemie kumchukua kaka yako mkubwa, kisha Baraka. Nguo zako nimeshazikunja, zile za kanisani na sweta ya bluu. Kesho alfajiri, kabla ya kazi, nitapita kaburini kuchukua udongo. Mama Thandeka nimemwambia amlete mpangaji wake, kitanda kiko wazi. Sitapiga simu njiani. Nitafika asubuhi, nitamsubiri anywe uji wake, wazee wakae, na nitamtazama usoni.

Najua ataniuliza yote mawili. Nitaanza na wewe, Kaka. Koti atangoja.

Lala salama.

Mdogo wako wa chumba kimoja,
Bahati